Mwiba wa samaki, mkono umevimba, na chombo ni kesho asubuhi: ni wakati gani hasa wa kumpeleka mgonjwa kwa bingwa?

MlinziWaMwalo

Wakuu, habari za jioni. Swali hili ni kwa matabibu, wauguzi na wafamasia wa Kanda ya Ziwa.

Ninasimamia sanduku la huduma ya kwanza kwenye mwalo (mahali wavuvi wanaposhusha samaki) mmoja wa visiwa vya Ukerewe. Majeraha ya huku ni yale yale kila wiki: mwiba wa samaki gogogo umeingia kidoleni, pezi la sato limechana kiganja, kisu cha kupaa samaki, ndoano, funza aliyetolewa kwa pini chafu. Mengi yanapona kwa kuoshwa na kufungwa. Machache yanavimba, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anasema apewe Ampiclox, mwingine anasema hilo ni tambazi lisiguswe na sindano, wa tatu anasema apandishwe boti sasa hivi.

Zahanati tunayo, ila haina eksirei wala daktari wa upasuaji. Kufika Nansio ni boti kisha pikipiki, na kutoka Nansio hadi Mwanza mjini ni feri ya mwendo wa karibu saa tatu. Naomba kujua dalili zipi zinamruhusu mtu kubaki zahanati, zipi zinadai hospitali ya wilaya, na zipi zinadai bingwa leo leo. Tafadhali msiniambie "akizidiwa aende hospitali". Huku mtu akisema amezidiwa, ujue amekwisha kuzimia. Nataka vitu ninavyoweza kupima kwa macho, mikono na saa.

---

Tabibu_Sengerema

Mkuu, ukubwa wa uvimbe peke yake usikutishe wala usikutulize. Jipu la ukubwa wa limao pajani linaweza kutumbuliwa kituo cha afya na mtu akalala kwake. Tobo la mwiba ambalo hata hulioni vizuri, likiwa upande wa kiganja wa kidole, linaweza kummaliza mtu kidole ndani ya siku mbili. Mimi hutazama mambo matatu: liko wapi, linakwenda kasi gani, na mwenye nalo mwili wake ukoje.

Nianze na kidole, maana kwa wavuvi ndicho kinachopotea kirahisi. Kano zinazokunja vidole zimo ndani ya ala, kama waya ulivyo ndani ya mpira wake. Usaha ukiingia mle hauna pa kutokea. Unajaa, unabana damu inayolisha kano, na kano ikishakufa kidole hakikunji tena hata jeraha likipona. Zipo dalili nne:

1. Kidole kimevimba chote kuanzia ncha hadi shina, si pale tu palipochomwa.
2. Kimejikunja kidogo chenyewe na mgonjwa hataki kukinyoosha.
3. Ukibonyeza polepole upande wa kiganja kufuata kano, panauma njia nzima mpaka kiganjani.
4. Ukikinyoosha wewe, taratibu sana, anaruka.

Hiyo ya nne mara nyingi hutangulia wenzake. Usingoje zitimie zote. Ukiipata ya nne na kidole kilichomwa ndani ya siku chache zilizopita, huyo ni wa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, kwa sababu vidonge havifiki vya kutosha ndani ya ala iliyobanwa. Inabidi ifunguliwe na kuoshwa. Hii ni tofauti na mdudu wa kidole aliye pembeni ya kucha. Yule akiwa na usaha unaoonekana, zahanati wanafungua vizuri tu.

Sehemu nyingine zisizongoja ni kuzunguka jicho, hasa jicho likisukumwa nje, likiuma linapogeuka au kuona kukififia. Kiungo chochote (goti, kifundo, kiwiko) kilichovimba na mtu hawezi kukikunja. Shingo na chini ya ulimi. Sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Na jeraha la ngumi iliyokutana na meno ya mtu lihesabu ni la kiungo hata kama ni kidogo kama punje ya mchele.

Kuhusu mwendo: chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, andika saa pembeni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaosomwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inang'aa, imekaza. Kwa hiyo usifuate rangi. Pitisha mgongo wa mkono wako kutoka ngozi nzima kuelekea kwenye uvimbe, na pale joto linapoanza weka nukta. Zunguka hivyo, kisha unganisha nukta. Kwa mguu, chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzunguko sentimita 10 chini ya goti, miguu yote miwili, uandike. Tepu itakuambia kweli pale ambapo macho ya ndugu watano yanabishana.

Mpaka unaweza kupanuka kidogo ndani ya saa 24 za kwanza hata kama dawa ni sahihi. Hilo lisikutoe jasho endapo homa inashuka na maumivu yanapungua. Ila ukipanuka wazi wazi ndani ya saa chache, au baada ya saa 48 za dawa sahihi uvimbe haujaanza kulegea, zahanati imefika mwisho wake.

Mwili: mwenye kisukari, anayeishi na VVU asiyetumia dawa vizuri, mlevi wa kupindukia, mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito, mzee sana, mtoto mchanga, mtu anayetumia vidonge vya steroidi. Hawa wote nusisha muda wa kungoja. Na kila uvimbe usioelezeka pima sukari. Ikizidi 11.1 mmol/L bila kufunga, huenda ndiyo siku ya kwanza mtu huyo kujulikana ana kisukari.

---

Mfamasia_Kirumba

Tabibu kamaliza upande wake. Mimi niseme la Ampiclox, kwa kuwa ndiyo inayoombwa kwa jina kwenye duka la dawa muhimu kila mwalo.

Kwa ngozi iliyopasuka nchi kavu, kisigino, mkwaruzo, funza, wahusika wakuu ni streptokoka na stafilokoka. Mtu mzima akiandikiwa kloksasilini miligramu 500 kila saa 6 kwa siku 5 hadi 7, kwa kawaida inatosha. Kila saa 6 ni mara nne kwa siku, tena saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, maana chakula kinapunguza inayoingia mwilini. Wengi wanameza mara mbili, pamoja na ugali, kwa siku tatu, kisha wanasema dawa imegoma. Hapo dawa haijagoma.

Kwa jeraha la samaki au maji ya ziwa hesabu inabadilika. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, wamo bakteria wanaoitwa Aeromonas. Wanaingia na mwiba, na ndani ya siku moja mkono unaweza kuwa umevimba, unauma, unatoka majimaji machafu. Ampiclox ni ampisilini na kloksasilini pamoja, na hawa hawazuiliwi na hata moja kati ya hizo mbili. Amoksilini vivyo hivyo. Mgonjwa anameza kwa uaminifu, bakteria wanaendelea na safari. Inayowapata mara nyingi ni siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku, lakini nayo ni dhaifu kwa streptokoka, ndiyo maana tabibu huandika dawa mbili kwa pamoja. Isimezwe pamoja na maziwa, dawa za kiungulia wala vidonge vya madini ya chuma. Mjamzito na mtoto asipewe bila daktari kuamua.

Kwa hiyo mkuu, ukimpeleka mtu zahanati, neno la kwanza mdomoni mwako liwe "amechomwa na samaki" au "amekatwa akiwa majini". Likikosekana hilo, ataandikiwa dawa ya nchi kavu.

Na kuna sindano mbili zinazoharibu hesabu zote: deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) na diklofenaki. Zinashusha homa na maumivu kwa muda, mtu anaonekana kapata nafuu, kumbe ndani panaoza. Kwa maumivu mpe parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku.

---

MlinziWaMwalo

Asanteni sana. Nimeanza kuelewa kwa nini wengine Ampiclox haiwafai. Maswali mawili zaidi. Kwanza, dakika zile za mwanzo, samaki kachoma sasa hivi, nifanye nini? Pili, hili la tambazi nilijibu vipi? Wazee huku wanaamini kabisa kwamba mwenye tambazi akichomwa sindano anakufa, na siwezi kuwabishia kwa kelele.

---

MuuguziWaThieta

Ndugu yangu, dakika za mwanzo kwanza.

Mvue pete kabla ya kidole kuvimba. Miba ya gogogo na kambale inauma kwa moto mkali. Loweka mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza ya moto yanapopoa. Yajaribu kwanza kwa mkono mzima, maana uliochomwa hausikii vizuri na unaweza kuungua. Kisha osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, angalau lita moja, ukiyasukuma kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Maji ya ziwa yasitumike kuoshea, ndiko bakteria walikotoka. Spiriti isimiminwe ndani ya tobo. Usitie dawa ya meno, mafuta ya taa, maji ya betri wala majani yaliyotafunwa. Tazama mwiba: ukikosa ncha, ncha imebaki ndani, na huyo anahitaji eksirei hata kama hajavimba. Tobo lisishonwe, lifunikwe kwa shashi na mkono uning'inizwe juu ya usawa wa moyo. Sindano ya pepopunda kama miaka 5 imepita tangu ya mwisho, au hakumbuki.

Sasa tambazi. Jina hilo linabeba magonjwa zaidi ya moja, na wazee hawajakosea kuliogopa. Moja ni usaha ndani ya nyama, mara nyingi paja, makalio au mgongo. Siku za mwanzo hakuna jipu la kuonekana: nyama inakuwa ngumu kama ubao, inauma, homa inapanda na kushuka, ngozi ya juu safi kabisa. Hapo mtu huambiwa ni malaria au amejikwaa. Wiki moja hadi tatu baadaye usaha umejaa chini kabisa, na ultrasaundi au sindano nene ndiyo inayouonyesha. Dawa yake ni kufunguliwa thieta, chumba cha upasuaji. Huyu ni wa hospitali ya wilaya, na ukitambua mapema anatembea kwa miguu yake kupanda boti.

La pili ndilo linaloua, uozo unaotambaa kwenye utando ulio chini ya ngozi. Hilo halihesabiwi kwa siku, linahesabiwa kwa saa. Alama yake ya mapema ni maumivu makubwa kuliko kinachoonekana. Mguu una uvimbe wa kawaida lakini mtu mzima analia, hata shuka likimgusa. Baadaye malengelenge yenye maji ya rangi ya maji ya kuoshea nyama, madoa ya zambarau au meusi, na ukibonyeza unahisi mchakacho wa majani makavu chini ya vidole. Kisha mahali palipokuwa panauma pananyamaza. Ndugu hufurahi hapo, wanasema dawa ya kienyeji imeshika. Mishipa ya fahamu imekufa, ndiyo sababu ya ukimya. Anayefika na dalili hizi antibayotiki peke yake haitamwokoa; lazima nyama iliyokufa ikatwe, na kila saa inayopita eneo la kukata linakua.

Kuhusu imani ya sindano: wengi wa aina hii hufikishwa wakiwa tayari sumu imeingia kwenye damu. Wanachomwa sindano, saa chache baadaye wanafariki, na watu wanakumbuka tendo la mwisho waliloliona. Usiwabishie kwamba tambazi halipo. Waambie lipo, na kwamba linafunguliwa kwa kisu likiwa changa. Chale na dawa zao wasizitie juu ya uvimbe wenyewe, kwa sababu kila chale ni mlango mwingine. Ukiwaomba hilo moja kwa heshima, kwa kawaida wanakubali.

---

Tabibu_Sengerema

Naongezea kwa Muuguzi dalili za sumu kwenye damu, ambazo mtu asiye tabibu anaweza kuzihesabu: pumzi 22 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mapigo zaidi ya 100, joto 38 kwenda juu au chini ya 36, hajakojoa nusu siku, anaongea yasiyoeleweka, namba ya juu ya presha imeshuka hadi 100 au chini. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, usihesabu robo ukazidisha. Mbili kati ya hizi pamoja na uvimbe wa ngozi zinatosha kumwamsha mwenye boti usiku.

Halafu kitu ambacho miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya miji haikisemi. "Rudi baada ya saa 48" ni maneno ya mtu mwenye hospitali mtaani kwake. Wewe kisiwani unatakiwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka chombo cha mwisho. Kama boti ya mwisho inaondoka saa 9 alasiri, mstari wako upime saa 7 mchana, si jioni. Kama kesho ni siku ambayo feri haitembei, au upepo umeanza kuchafua ziwa, mgonjwa wa "tumwangalie hadi kesho" anageuka kuwa mgonjwa wa kuondoka leo. Kwa wenye kidole chenye dalili ya nne na wenye kisukari sifanyi hesabu kabisa, wanaondoka na chombo cha kwanza. Wenzetu wa upande huu wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari halingoji tena feri pale. Visiwani bado ni saa za chombo.

---

Ngozi_na_Kidonda

Nimesoma yote, nakubaliana, ila naona mnawaza ya haraka tu. Bingwa wa ngozi anahitajika pia kwa yale yanayokwenda polepole, na ndiyo yanayozunguka maduka ya dawa miezi sita.

Uvimbe mdogo mgumu kidoleni kwa mpaa samaki, hauumi sana, kisha wiki kadhaa baadaye vingine vinajipanga kupanda mkono kama shanga. Hao ni bakteria wa jamii moja na wa kifua kikuu wanaoishi majini. Antibayotiki za wiki moja hazifanyi kitu. Inakatwa nyama ndogo ikapimwe, na maabara iambiwe ioteshe kwenye nyuzi 30 hivi, kwa sababu kwenye joto la mwili hawaoti vizuri. Bila kuambiwa wataotesha kama kawaida na majibu yatasema hakuna kitu.

Kidonda kisichouma chenye kingo zilizochimbika kwa chini, ukiingiza pamba ya kipimo inapotelea pembeni: fikiria Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo la Uganda, jirani zetu. Ni nadra, lakini apelekwe.

Kidonda kisichouma, katikati cheusi kama mkaa, uvimbe mkubwa kuzunguka, na mtu amechuna au kula ng'ombe aliyekufa mwenyewe: hicho ni kimeta mpaka ithibitishwe vingine. Kisikamuliwe wala kukatwa. Zahanati itoe taarifa wilayani siku hiyo, upande wa binadamu na upande wa mifugo.

Mguu unaovimba na kupata homa mara mbili au zaidi kwa mwaka, hasa wenye matende, unahitaji mpango wa kinga na siyo dozi nyingine ya siku tano. Majipu yanayorudi rudi kwa mtu mmoja au nyumba nzima, usaha uoteshwe ijulikane dawa ipi bado inafanya kazi, na apimwe sukari na VVU. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza, wanaotesha; hospitali yako ya wilaya iulize kabla ya kutuma.

Watoto wenye vidonda vya maganda ya rangi ya asali usoni: mara nyingi vinapona kwa kuosha na dawa. Lakini wiki kadhaa baadaye, mara nyingi tatu hadi sita, mtoto akiamka uso umevimba na mkojo una rangi ya soda nyeusi, figo zimeguswa, aende hospitali siku hiyo. Na mtoto mchanga mwenye kitovu chenye usaha na asiyenyonya hangoji lolote.

---

MuuguziWaThieta

Ngozi_na_Kidonda, sawa kabisa, nami nina ombi upande wa pili. Jipu la kawaida lisipite hospitali ya wilaya kwenda Bugando. Linafunguliwa Nansio, Sengerema, Magu, Misungwi kama kawaida, na Sekou Toure ipo kwa ngazi ya mkoa. Tukijaza foleni ya mabingwa kwa majipu ya makwapa, yule wa mguu unaooza ndiye atakayengoja machela. Mtoki kinenani ukiambatana na kidonda cha mguuni vilevile usikutishe, ni tezi inafanya kazi yake. Unakuwa shida ukilainika na kujaa usaha.

---

MlinziWaMwalo

Nimenakili yote kwenye daftari la mwalo. La mwisho: anayeondoka, aondoke na nini?

---

Tabibu_Sengerema

Zahanati wampe dozi ya kwanza kabla ya kupanda. Kwa anayeshukiwa uozo unaotambaa, mtu mzima, kinachopatikana huku mara nyingi ni seftriaksoni gramu 2 na metronidazoli miligramu 500 kwenye mshipa, pamoja na dripu kama presha imeshuka. Wapige simu mbele ili thieta ijue. Chakula asile tena kuanzia hapo, anaweza kuhitaji usingizi wa upasuaji akifika. Maji kidogo kidogo yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya upasuaji. Mguu au mkono uinuliwe juu ya mzigo, usining'inie chini ya kiti.

Karatasi ya rufaa iwe na saa aliyoumia, kilichomchoma, dawa zote alizomeza pamoja na za duka na za mitishamba, dozi na saa ya mwisho, aleji, sukari ilisoma ngapi, pepopunda lini, mjamzito au la. Kwa dharura asizuiwe na fomu ya bima; mwili uende, fomu ifuate. Na kalamu mpe msindikizaji. Mpaka ulioandikwa saa yake usifutwe wala kufunikwa na bandeji nzito, na kabla ya kushuka bandarini achore mwingine, aandike na saa hiyo pia.